Mche uliodumaa hauna njaa: dhana potofu kuhusu miche inayokuzwa ndani

Msimu wa kusia mbegu ukifika, swali linalonijia ni lile lile, picha tu ndiyo inayobadilika: "Mtaalamu, miche yangu ya nyanya ina wiki tatu na haikui. Niiwekee mbolea gani?" Muulizaji amekwisha kujiamulia ugonjwa na dawa, kwangu anataka jina la mbolea tu. Nikimuuliza kwanza taa iko umbali gani, udongo una joto kiasi gani na mara ya mwisho amemwagilia lini, anaona kama namzungusha. Simzungushi. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayoeleza karibu kila mche uliodumaa ndani ya nyumba, na mbolea ni nadra kuwamo.

Nazungumzia nyanya, pilipili, biringanya, kabichi na jamaa zao, zilizosiwa kwenye trei, vikopo au viriba, dirishani au chini ya taa.

"Mche usiokua una njaa"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu huua miche ambayo ingepona yenyewe.

Mbegu huja na akiba yake. Akiba hiyo ndiyo inayosukuma mzizi chini na kuinua yale majani mawili ya mbegu. Majani hayo yakifunguka na kuwa kijani, yanaanza kutengeneza chakula kwa mwanga. Kipindi chote hicho mche unahitaji virutubisho vichache mno kutoka udongoni, na udongo wowote wa miche wenye mboji kidogo unavyo tayari. Kisha hufuata siku zinazowatia watu hofu: majani ya mbegu yamesimama, majani halisi hayajatoka, na kwa juu hakuna kinachobadilika. Kazi iko chini. Mzizi mkuu unashuka, mizizi ya pembeni inachipua. Kwenye joto la nyuzi 22 hadi 26 nyanya huweza kukaa hivyo wiki moja au zaidi kidogo kabla jani halisi halijaonekana vizuri. Pilipili huchukua muda mrefu zaidi, na kukiwa na baridi huchukua mrefu zaidi ya huo. Hapo ndipo subira inapokwisha na mfuko wa mbolea unapofunguliwa.

Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. Maji huingia kwenye mzizi kwa sababu ndani ya seli zake kuna chumvi na sukari nyingi kuliko nje. Ukiikoleza chumvi ya nje, mzizi unashindwa kuvuta maji, na ikizidi sana maji yanatoka kwenye mzizi kurudi udongoni. Mche unasinyaa huku udongo umelowa, ncha za majani zinaungua na kuwa kahawia, na mwenye mche akiona hivyo anasema bado hauna nguvu, anaongeza dozi. Shambani mvua ingeishusha chumvi hiyo chini kabisa. Kwenye kikopo haina pa kwenda, na kila maji yanapokauka yenyewe inabaki na kukolea zaidi.

Kwa miche, urea ndiyo ninayoiogopa zaidi. Ikiyeyuka hugeuka kuwa amonia, kisha bakteria wa udongoni huibadili kuwa nitrati. Bakteria hao huzubaa kwenye udongo wa baridi uliojaa maji, yaani udongo ule ule ambao mche wake umedumaa. Amonia inajilimbikiza na kuchoma mizizi michanga. Halafu namsikia mtu akimshauri mwenzake aweke "punje mbili tatu tu" kwenye kila kikopo! Punje hizo hazitawanyiki sawasawa; zinayeyuka mahali pamoja, na mzizi unaopita hapo unakufa.

"Lakini majani yamekuwa ya njano." Najua. Njano ni dalili, haitoshi kuutaja ugonjwa. Mizizi iliyozama kwenye maji haipati oksijeni, na bila oksijeni haina nguvu ya kufyonza nitrojeni hata kama imejaa tele pembeni yake. Jani linageuka njano vile vile kama la mche wenye njaa ya kweli. Kuuongezea mbolea mche wa namna hiyo ni kumrundikia chakula mtu aliyekabwa koo.

Kwa hiyo kabla hujagusa mbolea, fanya jambo ninalomwambia kila mtu na ambalo wachache hulifanya: toa mche mmoja. Inauma, lakini bora mmoja kuliko trei nzima. Bonyeza kikopo pembeni, kipindue taratibu kiganjani, tazama mizizi. Ikiwa myeupe, imesambaa na ina vinyweleo vingi, mizizi ni mizima; tafuta tatizo juu, kwenye mwanga. Ikiwa ya kahawia, inateleza, inachunika ngozi ukiivuta na ina harufu ya uvundo, tatizo ni maji. Ikiwa myeupe ila michache na mifupi, na udongo ni wa baridi ukiugusa, tatizo ni joto. Dakika moja ya kutazama mizizi inanifaa kuliko picha kumi za majani.

Mbolea ina wakati wake, sikatai. Mche ukiwa na majani halisi mawili hadi manne na ukiwa unakua, uanze kuulisha kwa mbolea ya maji iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye lebo, mara moja kwa wiki. Aliyesia kwenye kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) tupu au mchanganyiko usio na mboji ataanza mapema kidogo, jani halisi la kwanza linapofunguka, kwa kuwa vitu hivyo havina chakula cha maana. Njaa ya kweli ya nitrojeni nayo ina sura yake: njano huanzia majani ya chini, yaliyo makongwe, wakati mizizi ni myeupe na mwanga unatosha. Majani mapya yakiwa njano katikati ya mishipa iliyobaki kijani, hiyo mara nyingi ni chuma, na chuma huwamo udongoni ila pH, kipimo cha asidi na alkali, imepanda mno mche usiweze kukichukua. Mchanganyiko wa miche hufanya kazi vizuri kati ya pH 5.5 na 6.5. Hapo napo NPK, ile mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu, haisaidii chochote.

"Mwagilia kila siku, kidogo kidogo"

Ushauri huu hutolewa kwa upole, na upole huo ndio unaoozesha mizizi. Kikopo hakiharibiwi na wingi wa maji ya siku moja kama matundu yake ya chini yako wazi. Maji ya ziada yatatoka. Kinachoharibu ni marudio. Udongo usiopewa nafasi ya kukauka kidogo haujazi hewa tena kwenye vitundu vyake, na mizizi inahitaji hewa hiyo kila saa, usiku na mchana. Maji ya kidogo kidogo yana ubaya mwingine: yanalowesha juu tu. Tabaka la juu linabaki chepechepe, mahali panapopendwa na vimelea vya kinyausi (ugonjwa wa kuoza shina la mche usawa wa udongo) kama Pythium na Rhizoctonia, na pia wale nzi wadogo weusi ambao mabuu yao hula vinyweleo vya mizizi. Mche ulioliwa vinyweleo hukaa pale pale kwa wiki, majani yakionekana mazima kabisa.

Mwagilia hadi maji yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye sinia, halafu acha. Usimwagilie kwa kalenda, wala kwa rangi ya udongo, kwani kokopiti hukauka juu huku chini ikiwa imelowa. Nyanyua kikopo. Chenye maji kina uzito, kikavu ni chepesi, na baada ya siku chache mkono utajua wenyewe tofauti. Ningeweza kuwaachia watu ushauri mmoja tu, ningewaachia huo. Kwenye trei nyanyua upande mmoja.

Na mfuniko wa plastiki uondolewe mara miche inapochomoza. Watu huuacha wiki mbili "ili isikauke," kisha wanashangaa shina limeoza usawa wa udongo.

"Chumba changu kina mwanga mwingi"

Jicho la binadamu ni shahidi mbaya kwenye jambo hili, kwa sababu linajirekebisha. Jua la saa sita mchana bila wingu hufikia takriban laksi (kipimo cha mwanga) 100,000. Chumba ambacho wewe unasoma ndani yake bila shida kina laksi 300 hadi 500. Kwako vyote viwili ni "mwanga." Kwa mche, cha pili ni giza. Dirishani penyewe hali ni bora zaidi, lakini ukisogeza trei mita moja au mbili kuingia ndani, sehemu kubwa ya mwanga huo imepotea.

Dhana hii ina pacha wake: mche mrefu ni mche wenye afya. Mtu ananitumia picha ya nyanya ya siku kumi, shina refu jembamba jeupe, limeinamia kioo, ananiambia ilikua kwa kasi sana mwanzoni kisha ikasimama. Haikukua, ilirefuka. Mche ulioko gizani hutumia akiba yake kurefusha shina ukitafuta mwanga, na akiba ikiisha bila majani ya kutosha kutengeneza nyingine, ndipo unaposimama. Mche mzima wa umri huo ni mfupi, shina nene, majani ya kijani kilichokolea. Ukiuona mfupi usiudharau.

Kama unatumia taa za mrija, ziwe sentimita 10 hadi 15 juu ya majani, na zipandishe kadiri miche inavyokua. Taa za LED hutofautiana sana nguvu. Anza na umbali aliouandika mtengenezaji, kisha soma miche yenyewe. Ikirefuka, teremsha taa. Majani yakijikunja kuelekea juu, yakipauka, na mche ukawa mfupi kupita kiasi, pandisha, maana mwanga ukizidi nao hudumaza. Taa nyeupe inatosha kabisa. Si lazima ile ya rangi ya zambarau. Washa saa 14 hadi 16 kwa siku, kisha zima. Wapo wanaoacha taa saa 24 wakiamini wanaongeza kasi. Nyanya haivumilii mwanga usiokatika: majani yake hupata mabaka ya njano na ukuaji hupungua.

"Chumba kina joto, kwa hiyo udongo una joto"

Hapana. Maji yanapovukiza hupoza udongo, na trei iliyolowa ikiwa juu ya sakafu ya saruji au vigae inaweza kuwa baridi kuliko hewa ya chumba kwa nyuzi kadhaa. Chomeka kipimajoto kwenye udongo wenyewe. Nyanya na pilipili zinataka nyuzi 20 hadi 27 hapo mizizini. Ikishuka chini ya 15, pilipili karibu inasimama kabisa. Inua trei juu ya ubao au meza, na mara nyingi hilo tu linatosha.

Hapa ndipo pia inapoingia ile hadithi ya majani ya zambarau kwa chini. Watu wamesoma kuwa ni upungufu wa fosforasi, wanakimbilia DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi. Fosforasi ipo, mizizi iliyopoa ndiyo isiyoweza kuifyonza. Udongo ukipata joto, majani yanayofuata hutoka kijani, bila hata punje moja ya mbolea.

Nyingine, kwa haraka

"Anza na chungu kikubwa ili mizizi isibanwe." Mche mdogo hauwezi kunywa maji yote yaliyomo kwenye chungu kikubwa, hivyo udongo unakaa umelowa kwa siku nyingi. Anza na kikopo kidogo, hamisha mizizi inapoanza kuchungulia matundu ya chini.

"Majivu, maganda ya mayai na masimbi ya kahawa vinaongeza nguvu." Majivu ya kuni ni alkali kali na hupandisha pH ya kikopo upesi. Maganda ya mayai huyeyuka polepole mno, mche utakuwa shambani kabla hayajaupa kitu. Masimbi mabichi ya kahawa yanaweza kudumaza miche michanga. Peleka vyote kwenye lundo la mboji, huko vina kazi nzuri.

"Udongo wa shambani una rutuba kuliko wa miche." Huenda, lakini kwenye kikopo hushikana, hutuamisha maji, na huja na vimelea vyake.

"Pilipili zangu zimedumaa, nyanya nilizosia siku hiyo hiyo zimekwisha kuwa kubwa." Hazijadumaa. Pilipili huweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kuota tu, na wiki nane kufikia kuhamishwa. Linganisha pilipili na pilipili.

"Nikirekebisha, majani yatarudi kijani." Jani lililoungua au kuwa njano vibaya halirudi, kwa hiyo usilitumie kupima mafanikio, na usiongeze dawa nyingine siku ya tatu kwa sababu halijabadilika. Rekebisha jambo moja, subiri siku saba hadi kumi, tazama jani jipya linalotoka katikati. Likitoka safi na kubwa kuliko lililotangulia, mche umepona, uache. Baada ya wiki mbili likiwa bado dogo, limekunjamana, na mizizi imebaki ya kahawia, sia mbegu nyingine siku hiyo hiyo kwenye udongo mpya na vikopo vilivyooshwa. Mche mpya ulioanza vizuri mara nyingi huupita ule uliodumaa kabla hata ya wakati wa kuhamisha.