Thamani ya kuuzia ya baiskeli ya mbio ya zamani

Thamani ya kuuzia ni kiasi ambacho mnunuzi anayejua anachokitazama yuko tayari kukitoa leo kwa baiskeli kama ilivyo. Bei iliyonunuliwa ikiwa mpya haihusiki. Bei ya kwenye tangazo nayo ni matumaini tu ya muuzaji, na tangazo lililokaa miezi bila mteja linaonyesha bei ambayo watu wameshaikataa. Cha kulinganisha nacho ni bei zilizokwisha kulipwa kwa baiskeli za aina hiyohiyo.

Umri hausaidii sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani walinunua baiskeli kwa mamilioni, nyingi zikiwa nzito na za kawaida, na zilizobaki bado ni nyingi mno kuwa adimu.

Kinachobeba thamani ni fremu. Stika iliyo kwenye bomba la kiti hutaja chuma kilichotumika, na majina mawili yanayotafutwa sana ni Reynolds 531 ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa 1935, na Columbus ya Italia. Lakini stika hubandikwa na yeyote. Chomoa nguzo ya kiti usome kipenyo chake: fremu nyingi za Columbus SL, aina nyepesi ya mabomba ya Columbus, huchukua ya milimita 27.2, kwa sababu kuta za bomba ni nyembamba. Ukikuta 26 na ushei chini ya stika ya fahari, uliza maswali. Nguzo ikigoma kabisa kutoka, alumini ya nguzo imeshikana na chuma cha fremu kwa kutu, na hapo bei inashuka, maana kuitoa ni kazi ya siku nzima na fremu inaweza kuharibika.

Kisha pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na shingo ya usukani. Ukihisi mkunjo au rangi iliyopasuka kwa mstari unaokatiza bomba, huenda baiskeli iligonga kitu uso kwa uso. Fremu ya namna hiyo mimi huihesabu kama pambo la ukutani.

Rangi huwachanganya wengi. Rangi ya kiwandani yenye mikwaruzo kwa kawaida humvutia mkusanyaji kuliko rangi mpya inayong'aa iliyopigwa na fundi asiyejulikana.

Vifaa vinapaswa kuwa vya zama moja na fremu. Kwenye vibadilisha gia vya nyuma vya Nuovo Record, vya kampuni ya Italia Campagnolo, vya miaka ya 1970 kuna maandishi kama “PATENT-77”, yanayodokeza mwaka. Seti kamili ya vifaa hivyo, ikiuzwa kipande kimojakimoja, wakati mwingine huleta fedha nyingi kuliko baiskeli nzima. Ndiyo maana nyingi huishia kuvunjwavunjwa, jambo la kusikitisha. Kwa upande mwingine, baiskeli nzuri za Kifaransa kama Peugeot PX-10 huwa na nyuzi za skrubu za vipimo vya Kifaransa, na mnunuzi hupunguza bei akifikiria usumbufu wa kusaka vipuri.

Saizi nayo ina neno. Fremu ya sentimita 54 hadi 58, ukipima bomba la kiti, hupata mteja upesi. Ndogo sana au ndefu sana husubiri mtu wake.

Mwisho toa gharama za tairi, nyaya za breki, mnyororo na grisi mpya, halafu taja bei ya chini na ya juu, si tarakimu moja.