Hukumu sio hela, jamani

Juzi tena. Mzee mmoja wa alizeti kutoka Kibaigwa kanikalia ofisini na kauntabuku lake la kupokelea mzigo, sahihi na mihuri vyote vimo, ananiambia wakili, hizi kesi za biashara zingekuwa zinaenda chapchap ningeshalipwa zamani. Mzee, kesi yako ulishinda! Ilienda chapchap!

Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ya Tanzania tunayo tangu 1999. Kanuni zake za 2012 zinataka shauri liishe ndani ya miezi 10, ikizidi sana 12. Kusajili siku hizi mtandaoni, usuluhishi kwanza, sawa. Ila hiyo saa inahesabu mpaka wapi? Mpaka hukumu isomwe. Ikishasomwa saa inazimwa, na hapo ndo mzee wangu amekwama, tuzo, yaani hati ya mahakama inayosema alipwe nini, anayo mkononi mwaka wa pili.

Kukazia hukumu, yaani kuifanya ilipwe kweli, ndo kesi yenyewe. Mwenye tuzo ndo atafute mdaiwa ana mali gani na iko wapi, jaji hatoki kwenda kukutafutia. Sisi tukataja Fuso, dalali wa mahakama akaenda na amri yake, akalikuta limekaa juu ya mawe, tairi hakuna hata moja, na wiki haijaisha shemeji wa mdaiwa kaja na kadi ya gari, anaweka pingamizi, eti lori langu. Sasa tunasikiliza upya lori la nani. Haya, tumpeleke mdaiwa jela ya madai, ile ya asiyelipa deni? Sawa, ila hela ya kumtunza kule anatoa anayedai, na mwisho miezi 6. Mzee alicheka mpaka akakohoa: “Yaani alizeti kala, na ugali nimpe?”

Na huko kukazia hukumu, sheria inakupa miaka 12. Linganisha na ile 10 ya miezi.

Sisemi kuharakisha ni bure. Ila ule usuluhishi, wapo wanaokaa dakika kumi, imeshindikana, tiki, twende. Na mawakili tusijifiche, mimi mwenyewe nimewahi kuomba ahirisho nikihisi kabisa mteja wangu anavuta muda tu, na hakuna aliyenizuia.

Kwa hiyo ukija kwangu usianze na stori ya alivyokudhulumu, anza na namba za gari, kiwanja, benki anayotumia, na ukiona ameanza kuuza vitu niambie mapema tuombe mali ikamatwe kabla ya hukumu. Mzee anarudi Jumatatu, anasema kuna ghala.