Jengo limesimama wima, mbona pichani limelala?

Msafiri akifika chini ya mnara mrefu huinua kamera au simu mpaka kilele kiingie, kisha anabonyeza. Baadaye anakuta mnara umelala kwa nyuma na kuta zimebanana juu. Wengi huilaumu lenzi pana, ilhali tatizo ni kule kuinua kamera. Kihisi cha kamera (sehemu ya ndani inayonasa picha) kisipokuwa sambamba na ukuta, sehemu ya juu, ambayo iko mbali zaidi, hutoka ndogo kuliko ya chini. Lenzi pana inachangia tu kwa kumruhusu mtu asogee karibu mno.

Washa gridi na pimamaji kwenye kioo, shika kamera wima, halafu rudi nyuma mpaka kilele kiingie chenyewe. Geuza kamera ili picha iwe ndefu ya kusimama, si ya kulala. Ardhi itakuwa nyingi mbele. Utaikata baadaye, au chagua mahali penye maji yanayoakisi jengo. Ukipata ghorofa ya pili ya jengo la mkabala, panda: inasaidia kuliko lenzi nyingi za bei kubwa. Nafasi ikikosekana kabisa, nyoosha kwa programu, ila acha uwazi kila upande kwa sababu programu itakata kingo. Wala usinyooshe hadi mwisho. Mnara uliopigwa kutoka karibu ukinyooshwa kikamilifu huonekana umevimba kichwani.

Mnara wa Pisa, Italia, ni mtihani mzuri. Umeinama takriban digrii 4 kuelekea kusini, kwa hiyo ukisimama kaskazini au kusini yake mwinamo hauonekani vizuri. Uutazame kutoka mashariki au magharibi. Kamera ikiwa imepinda digrii mbili tu, umeshaongeza au kupunguza nusu ya mwinamo wenyewe, na mtazamaji hana njia ya kujua. Uamini pimamaji kuliko jicho.

Jambo la pili, ambalo wasafiri hulisahau zaidi, ni upande ambao jengo limeelekea. Hekalu la Angkor Wat la Kambodia limeelekea magharibi: alfajiri utapata kivuli cheusi cha minara mbele ya anga, na nakshi za upande wa mbele utazipata alasiri. Hekalu la Abu Simbel la Misri limeelekea mashariki, hivyo sanamu zake ni za asubuhi. Taj Mahal kule Agra, India, ukiitazama kutoka bustanini, uso wake uko kusini. Desemba jua huchomoza kusini-mashariki na kuugusa kwa ubavu, jambo linalotokeza nakshi; Juni huchomoza kaskazini-mashariki na asubuhi uso huo hubaki kivulini. Fungua ramani na dira kabla ya kupanga siku, na ukumbuke kwamba Taj Mahal hufungwa Ijumaa.

Marumaru nyeupe, kama ya Taj Mahal, ina kasheshe yake. Kamera hudhani kila kitu kina wastani wa kijivu, basi weupe hutoka umefifia. Ongeza mwanga kwa +2/3 hadi +1 kwenye kipimo cha +/- cha kamera, kisha angalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) isigonge ukingo wa kulia, maana marumaru iliyoungua kwa mwanga mwingi hairudi.

Kwa mandhari, tumia tripodi, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na f/8 hadi f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi; namba ikipanda, tundu hupungua). Kwenye f/22 mwanga hutawanyika tunduni na picha nzima hupoteza ukali, hata kama vitu vya karibu na vya mbali vyote viko kwenye fokasi. Weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Kichujio cha polaraiza huondoa mng'ao wa maji na majani na kukoleza anga, lakini nguvu yake angani ni kubwa zaidi digrii 90 kutoka lilipo jua. Ukikifunga kwenye lenzi pana, anga hutokea na doa jeusi upande mmoja, na kulisafisha ni kazi ngumu.

Ndani ya makanisa, misikiti na makumbusho, tripodi mara nyingi hairuhusiwi. Egemea nguzo, kunja viwiko hadi mbavuni, panda hadi ISO 1600, na upige picha tatu mfululizo; ya katikati mara nyingi ndiyo iliyotulia, kwa kuwa kidole hakikuanza kubonyeza wala hakikuachia.