Makengeza ya mtoto: macho yakishanyooka

Upasuaji wa makengeza husogeza misuli kwa milimita chache tu. Jicho likiwa linaingia ndani, msuli wa upande wa pua hurudishwa nyuma ili ulegee. Ubongo haujaguswa, na ubongo ndio utakaoamua hali ya macho hayo miaka kumi baadaye.

Makengeza yaliyoanza kabla ya miezi 6 yakinyooshwa kabla mtoto hajatimiza miaka 2, mtoto hupata nafasi nzuri zaidi ya kuona kina (kutambua kwa macho mawili kipi kiko karibu na kipi mbali), japo kwa uhafifu. Uwezo kamili ni nadra. Lakini hata huo hafifu ni gundi: macho yanayoshirikiana hayapotoki upesi. Ndiyo maana hatung'ang'anii mpotoko uwe sifuri. Ukibaki ndani ya dioptri 10 za prizimu (kipimo cha mpotoko wa jicho), tunaridhika. Baadaye jicho moja laweza kupanda juu taratibu mtoto akichoka au akizubaa. Wazazi hudhani upasuaji umeharibika, kumbe ni tabia ya ugonjwa wenyewe. Wengine, hata ukubwani, jicho huanza kutoka nje na kuhitaji upasuaji mwingine.

Kengeza la mtoto anayejikakamua kuona, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri bila kukaza lenzi, lina njia yake. Huyu anahitaji miwani, si kisu. Mzazi hulalamika: “Akiivua jicho linaingia, miwani imemharibu!” Haikumharibu. Bila miwani anakaza lenzi ya jicho ili aone vizuri, na kule kukaza huvuta macho ndani. Apimwe kwa matone ya siklopentoleti au atropini, dawa zinazolegeza kule kukaza, kisha avae siku nzima. Wapo wanaoiacha ujanani; wengi huendelea nayo.

Kinachopotea kimyakimya zaidi ni uoni wa jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo umezoea kulipuuza. Jicho zuri hufunikwa saa 2 kwa siku uvivu ukiwa wa wastani, hadi saa 6 ukiwa mkali. Plasta ibandikwe kwenye ngozi. Ikibandikwa kwenye kioo cha miwani, mtoto huchungulia pembeni na kazi yote imekwenda bure. Kuacha ghafla ndiko kunakotuponza: takriban mtoto 1 kati ya 4 huanza kupoteza tena uoni alioupata, ndani ya mwaka wa kwanza. Aliyekuwa kwenye saa 6 ashushwe kwanza hadi 2, ndipo aache. Kila akirudi kliniki, kila jicho lipimwe peke yake, hata kama yote mawili yanaonekana yamenyooka kama rula.