Fonti ya pikseli ni nini, na inafaa wapi?

Fonti ya pikseli ni mwandiko ambao kila herufi imejengwa kwa miraba pekee, yaani pikseli, zile nukta ndogo za skrini, bila mkunjo hata mmoja. Chukua karatasi ya grafu, tenga miraba 5 kwa upana na 7 kwa urefu. Safu ya juu paka rangi mitatu ya katikati. Safu ya nne paka yote. Zilizobaki, paka wa kwanza na wa mwisho tu. Hiyo ni A, imekula miraba 18.

Haikuanza kama urembo. Mashine za gemu za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na kumbukumbu ndogo, kwa hiyo herufi ilipewa miraba 8 kwa 8 ikajibane humo. Mchoraji Susan Kare alichora kwa namna hiyohiyo fonti za Macintosh, kompyuta ya Apple iliyotoka mwaka 1984, ikiwemo ile iitwayo Chicago. Wengi wetu tulizizoea herufi za aina hii kwenye simu ya Nokia 3310, kioo cha nukta 84 kwa 48. Leo skrini hazina shida hiyo. Anayeitumia anataka ule ukale wake. Inayopatikana kirahisi ni Press Start 2P, ya bure, iliyofuata herufi za gemu za Namco, kampuni ya Japani.

Kwa kibanda cha gemu pale Mwanga, Kigoma, inakaa vizuri mno: bango, fulana, tangazo la mashindano. Ila jaribu kuandika hilo jina "Mwanga" kwa herufi za miraba 5. M peke yake ina nguzo tatu na nafasi mbili, upana umeisha, na w inafuata na shida ileile. Press Start 2P inatoa 8, lakini kila herufi inapewa upana sawa, hata i. "Karibuni" inachukua nukta 64, "Tunawakaribisha" inafika 120. Chagua maneno mafupi.

Saizi nayo iende kwa 8: 16, 24, 32. Ukiiweka 13, kompyuta inalainisha kingo na herufi zinaingia ukungu, na hapo sioni sababu ya kuitumia.

Namba ya simu iandike kwa fonti ya kawaida. Zikiwa ndogo, 6 na 8 hufanana, na mteja wa Ujiji atampigia mtu mwingine kabisa.