Dai la shehia mpaka Chukwani: mlango upi, karatasi gani, wakati gani

Madai mengi ya haki hufia njiani kwa sababu yamepelekwa kwa asiyehusika. Chukua maji. Bomba likikauka Micheweni, kisiwani Pemba, watu humwendea Mbunge, naye kiti chake kiko Dodoma na maji si jambo la Muungano. Maji, ardhi, afya na serikali za mitaa ni mambo ya Zanzibar, kwa hiyo wa kufuatwa ni Mwakilishi wa jimbo lilo hilo, yaani mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lililoko Chukwani. Ikiwa ni taka, ushuru wa soko au sheria ndogo, anza kwa Diwani.

Na Sheha, mkuu wa shehia (eneo dogo la utawala), je? Yeye hachaguliwi kwa kura. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa Namba 8 ya 2014, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kumlaumu kwa kukosa bajeti ni kumwonea, kwani bajeti haimo mkononi mwake. Lakini msimruke. Dai lililopita kwenye Baraza la Ushauri la Shehia, likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao, lina uzito ambao barua ya watu watatu haina.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, na iombe jambo moja. "Tuna shida kubwa ya maji" haimpi ofisa kazi ya kufanya. Andika hivi: bomba kutoka tangi hadi skuli limepasuka sehemu tatu, kaya kadhaa (taja idadi mliyoihesabu wenyewe) hazipati maji tangu mwezi fulani, tunaomba kipande hicho kibadilishwe. Ofisa wa Mamlaka ya Maji akisoma hivyo anajua fundi ampeleke wapi.

Kwenye saini ndipo watu wanapoangushwa zaidi. Karatasi ya pili na ya tatu hubaki na majina matupu, na anayetaka kulikataa dai husema watu walisaini mahudhurio tu. Kila karatasi iandikwe dai lenyewe juu, kisha jina, shehia na saini. Mkiipeleka, nendeni na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Bila muhuri huo, mwezi ujao mtaambiwa barua haijaonekana.

Wakati nao una mambo yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na Baraza la Wawakilishi hukaa kikao cha bajeti Mei na Juni. Wengi huamka hapo, na mimi naona wamechelewa, maana makadirio yameshaandaliwa na wizara na kupitiwa na kamati. Dai la fedha lifike halmashauri na wizara kabla mwaka wa kalenda haujageuka. Mwezi Mei mnachoweza kupata ni swali: Mwakilishi amuulize Waziri, apate jibu mbele ya Baraza, na mlifuatilie kwa tarehe na maneno yake.

Mswada una njia yake. Hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi ukiwa na madhumuni na sababu, husomwa mara ya kwanza, kisha hupelekwa kamati. Hapo kwenye kamati ndipo pa kuweka nguvu zote, kwa sababu wadau husikilizwa na maneno bado yanabadilika. Ukishafika kusomwa mara ya pili, nafasi imebana sana.

Mbele ya kamati, hotuba ya uchungu hupokelewa kwa heshima na kuishia hapo. Pelekeni maneno ya sheria. Tuseme kifungu kinampa Mkurugenzi uwezo wa kufunga soko. Andikeni: baada ya neno "Mkurugenzi", yaongezwe maneno "baada ya kushauriana na Baraza la Ushauri la Shehia husika". Chini yake sababu, mistari mitatu. Mjumbe aliyeshika karatasi kama hiyo anaweza kuisoma kama ilivyo, na mwanasheria wa Baraza ana cha kukipima.

Msimwombe Mwakilishi alete mswada wake wa kutoza kodi au kutumia fedha za Serikali. Mswada wa namna hiyo huletwa na Serikali, kwa hiyo maombi ya fedha yapitieni wizara husika, na nakala mpeni yeye.