Tunajuaje Kwamba Joto Hili Tumelileta Sisi

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kuhusu ongezeko la joto duniani ni hili: dunia imewahi kupata joto ikapoa, ikapata joto tena, kabla binadamu hajawasha moto wake wa kwanza. Sasa mnajuaje kwamba safari hii ni sisi? Ni swali zuri, na anayeliuliza hastahili kujibiwa tu kwamba wanasayansi wamekubaliana. Anataka ushahidi. Kwa kuwa kazi yangu ni sayansi ya angahewa, nitaueleza kwa mpangilio ule ule ninaoufuata ninapofundisha, yaani kwa kumchunguza mtuhumiwa mmoja baada ya mwingine.

Kwanza fizikia yenyewe, ambayo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka gesi mbalimbali ndani ya mirija ya kioo, akaianika juani. Mrija wenye hewa ukaa ulipata joto kuliko mingine na ukachelewa sana kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall akapima maabara kwamba oksijeni na nitrojeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tunayovuta, huiacha miale ya joto ipite bila kuigusa, ilhali mvuke wa maji na hewa ukaa huinasa. Mwaka 1896 Svante Arrhenius alipiga hesabu kwa mkono, bila kompyuta, akaonyesha kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu dunia itapata joto la nyuzi kadhaa. Hakuna kati ya hao aliyekuwa na ajenda ya kisiasa. Isitoshe, bila gesi hizi wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi juu yake. Kwa hiyo gesi hizi si mbaya kwa asili yake. Tatizo ni kiasi.

Na kiasi tunakijua. Mwaka 1958 Charles David Keeling alianza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mbali na moshi wa miji. Alipata takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja ya hewa. Leo tumepita 420. Kwa nyakati za kabla ya Keeling tunategemea viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa ndani ya barafu ya Antaktika. Barafu hiyo imechimbwa na kusomwa hadi miaka 800,000 nyuma, na katika muda wote huo, pamoja na enzi zote za barafu zilizokuja na kupita, kiwango hakikuvuka 300. Kabla ya viwanda kilikuwa karibu 280.

Nani basi kaiongeza?

Tuanze na hesabu ya kawaida. Kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, na kwa kutengeneza saruji, tunatoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa kila mwaka. Volkano zote kwa pamoja, za nchi kavu na za chini ya bahari, hazifikishi hata asilimia 1 ya kiasi hicho. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama: gesi inayobaki hewani kila mwaka ni karibu nusu tu ya ile tunayoitoa. Nusu nyingine hunyonywa na bahari na mimea. Maana yake ni kwamba maumbile, ukijumlisha yote yanayotoa na yanayopokea, yanaipunguza hewa ukaa hewani. Huwezi kumshtaki anayeteka maji mtungini kwamba ndiye anayeujaza.

Wapo wasioridhika na hesabu, na kwao nina ushahidi ninaoupenda zaidi, ulio ndani ya kaboni yenyewe. Kaboni ina atomu za aina tatu zinazotofautiana uzito. Iliyo nzito zaidi, kaboni-14, haidumu. Kila baada ya miaka 5,730 hivi nusu yake huwa imeoza. Mti ulio hai unayo, maana huipata kutoka hewani. Makaa ya mawe hayana, kwa sababu yamelala ardhini mamilioni ya miaka na kaboni-14 yake yote imekwisha. Katikati ya miaka ya 1950 Hans Suess alipima pete za miti akagundua kwamba kaboni-14 ya hewani ilikuwa imezimuliwa: kaboni kongwe ilikuwa imeingia hewani kwa wingi. (Baadaye majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliongeza kaboni-14 kwa muda na kuvuruga kipimo hiki, ndiyo maana pete za miti ya kabla ya hapo zina thamani kubwa sana kwetu.)

Lakini kaboni kongwe inaweza pia kutoka kwenye volkano. Hapo tunaigeukia kaboni-13. Mimea inapotengeneza chakula chake hupendelea kaboni-12, iliyo nyepesi, kwa hiyo kitu chochote kilichotokana na mimea huwa na upungufu wa kaboni-13, hata kama mimea hiyo ilikufa zama za kale ikageuka makaa. Kaboni ya volkano haina upungufu wa kiasi hicho, wala ya baharini haina. Na kaboni-13 ya hewani, ukiilinganisha na kaboni-12, imekuwa ikishuka sambamba na ongezeko la hewa ukaa. Kwa hiyo tunatafuta kaboni ambayo ni kongwe na ambayo asili yake ni viumbe hai. Hiyo ndiyo tunayoichimba na kuichoma.

Ushahidi wa tatu ni oksijeni. Ralph Keeling, mtoto wa Charles, alianza kuipima kwa usahihi mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na inapungua. Upungufu ni mdogo sana, hakuna atakayekosa pumzi kwa sababu yake, lakini unaonyesha kwamba kuna kitu kinaungua. Kama bahari ndiyo ingekuwa inaachia hewa ukaa kwa kupata joto, oksijeni isingepungua namna hiyo. Tena vipimo vya maji ya bahari vinaonyesha kwamba kaboni ndani yake inaongezeka, na tindikali nayo imeongezeka: kipimo cha pH cha maji ya juu kimeshuka kutoka takriban 8.2 hadi 8.1. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, lakini kipimo hiki hupanda na kushuka kwa mara kumi kwa kila namba nzima moja, na tofauti hiyo ni ongezeko la asilimia 30 hivi ya tindikali. Matumbawe, kome na viumbe wengine wanaojenga magamba kwa chokaa ndio wanaoisikia.

Amebaki jua. Setilaiti zimekuwa zikipima nguvu ya jua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika miongo hiyo ambayo dunia imepata joto kwa kasi, jua halikuongeza nguvu yake. Limepanda na kushuka kwa mizunguko yake ya miaka 11 basi. Kuna kipimo kingine kinachonishawishi hata zaidi. Jua likizidi, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Gesi joto, yaani zile zinazonasa joto kama hewa ukaa, zikizidi, hewa ya chini hupata joto na tabaka la stratosfea lililo juu yake hupoa. Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walilisema hili mwaka 1967 kwa kutumia modeli ya kompyuta, kabla vipimo havijawa vizuri kiasi cha kulithibitisha. Vipimo vilipokuja vikaonyesha hivyo hivyo. Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021. Na yale mabadiliko ya polepole ya njia ya dunia kulizunguka jua, yaliyoleta enzi za barafu, yangetakiwa sasa yawe yanaipoza dunia polepole, kwa maelfu ya miaka.

Visababishi vingine nitavitaja kwa ufupi. Ukataji misitu huongeza karibu sehemu moja ya kumi ya hewa ukaa tunayoitoa. Methani hutoka kwenye matumbo ya ng'ombe, mashamba ya mpunga yaliyofurika maji, madampo, migodi ya makaa na mabomba ya gesi yanayovuja. Imezidi mara mbili na nusu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Nitrasi oksaidi hutokana zaidi na mbolea. Wakati huo huo, chembechembe za salfa kwenye moshi wetu huakisi mwanga wa jua na kuficha sehemu ya joto hili, kwa hiyo tunaposafisha hewa kwa ajili ya mapafu ya watu, ambalo ni jambo la lazima, joto lililokuwa limefichika hujitokeza. Na neno "binadamu" lisitufanye tudhani wote tumechangia sawa. Asilimia 10 ya kaya zinazotoa gesi joto nyingi zaidi kwa kila mtu duniani husababisha kati ya asilimia 34 na 45 ya gesi joto zinazotokana na matumizi ya kaya. Hilo linanikera, kwa sababu mafuriko na ukame huanza na wengine.

Joto lenyewe limekwenda wapi? Zaidi ya asilimia 90 limeingia baharini. Watu hutazama kipimajoto cha hewa, lakini hifadhi kuu ya joto hili ni maji, na maji yakipata joto hutanuka. Karibu nusu ya kupanda kwa bahari tangu mwaka 1971 kunatokana na kutanuka huko peke yake. Sehemu kubwa iliyobaki ni barafu inayoyeyuka milimani, Greenland na Antaktika. Tangu mwanzo wa karne ya 20 bahari imepanda takriban sentimita 20, na kasi inaongezeka.

Hewa nayo, kila inapopata nyuzi moja zaidi, inaweza kubeba mvuke wa maji asilimia 7 zaidi. Sentensi hiyo moja inaeleza mambo mawili yanayoonekana kupingana. Palipo na unyevu, mawingu hukusanya maji mengi zaidi na mvua humwagika kwa saa chache kile ilichozoea kukigawa kwa siku kadhaa. Palipo na ukavu, hewa ile ile yenye kiu huyanyonya maji ya udongo na mimea haraka zaidi. Mafuriko na ukame huzidi pamoja, wakati mwingine katika nchi moja, mwaka mmoja.

Mwili wa binadamu una mpaka wake pia. Tunajipoza kwa jasho, na jasho hupoza linapokauka. Unyevu ukizidi sana hewani halikauki, na mtu mwenye afya, aliyeketi kivulini akiwa na maji ya kunywa, anaweza kufa kwa joto. Anayefanya kazi za sulubu juani hufikia hatari hiyo mapema zaidi, na vivyo hivyo mzee na mtoto mchanga.

Hewa ukaa hailingani na moshi wa kawaida, ambao ukiacha kuutoa hewa husafika baada ya majuma machache. Sehemu ya hewa ukaa hubaki hewani kwa karne nyingi, hivyo joto hufuata jumla ya yote tuliyowahi kutoa. Kila tani bilioni 1,000 huongeza takriban nyuzi 0.45. Kati ya mwaka 1850 na 2019 tulitoa takriban tani bilioni 2,400, na ukizidisha utapata nyuzi 1.1 hivi, ambazo ndizo vipimajoto vilizoonyesha kwa muongo wa 2011 hadi 2020. Mwaka 2024 peke yake ulipita nyuzi 1.5 juu ya joto la kabla ya viwanda.

Hesabu hiyo hiyo inafanya kazi kwa upande wa pili. Siku jumla itakapoacha kukua, yaani siku tutakapokuwa hatuongezi tena hewa ukaa hewani, joto litakoma kupanda karibu papo hapo, ingawa halitashuka haraka na bahari itaendelea kupanda kwa karne kadhaa. Methani hudumu hewani miaka 12 hivi tu, kwa hiyo kuziba mabomba yanayovuja kunaleta nafuu ambayo watu walio hai leo wataiona. Kwa sasa, ukijumlisha na misitu inayokatwa, tunatoa takriban tani bilioni 40 za hewa ukaa kwa mwaka. Kwa mwendo huo tani bilioni 1,000 nyingine hutimia ndani ya miaka 25.